Maji ya Paa la Stesheni

Katika miaka yangu ya kazi nimejenga hospitali, masoko, mabwawa na shule, na karibu vyote viliingia kwenye pikapu. Nilikuwa fundi wa mifano. Serikali ikitaka kuwaonyesha wananchi kitu kabla hakijajengwa, au badala ya kukijenga, sisi wa karakana tulikitengeneza kidogo, kikawekwa mezani, na wakubwa wakakielezea kwa fimbo. Sasa nimestaafu, niko nyumbani Tawa, na magoti yangu yananishukuru. Muthama na Ndunge, ninyi mliobaki karakanani Wote, mliniomba niwaandikie yale ambayo sikupata kuwaambia kwa sababu kila mara nilikuwa na misumari mdomoni. Haya basi, misumari nimeitema.

Vyeo nitaviruka, kwanza havikuwa vingi. Nilianzia Kitui, nikiwa na cheti cha useremala na sketi isiyofaa kabisa kazi hiyo. Mkubwa wa karakana alikuwa Fundi Kasyoka, mtu mfupi aliyekuwa amefua bati nusu ya maisha yake na ambaye alizungumza kana kwamba maneno nayo hukatwa kwa mkasi. Alinitazama, akanipa dodoki kavu la kuogea, akaniambia nitengeneze msitu. Nilikata vipande, nikavichovya kwenye rangi ya kijani, nikavichomeka kwenye vijiti. Jioni akaja kuukagua msitu wangu.

"Hii ni wapi?" akauliza.

"Ni hapa Kitui, Fundi."

"Kitui umeona wapi miti ya kijani hivi? Watu watafikiri tumehamia Kericho kwenye chai. Paka vumbi."

Nikaupaka vumbi. Ndiyo siku niliyojua kwamba kazi hii ina ukweli wake, na ukweli wenyewe ni wa rangi ya kahawia.

Kasyoka ndiye aliyenifundisha kwamba mlingoti wa ua la mkonge, ukikauka vizuri, ni mwepesi kuliko mbao yoyote ya dukani na unakatika kwa kisu kama mkate. Alinifundisha kuchekecha mchanga wa mto kwa kichujio cha chai, ule laini uwe barabara, ule wa katikati uwe shamba, na mawe yanayobaki yawe milima. Alinifundisha kulehemu bati bila kuunguza vidole, ingawa hilo lilichukua muda na vidole. Na alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: anza na paa. "Mkamba hatazami nyumba," alisema, "anatazama paa. Paa likiwa baya, hata umpikie mbuzi ndani hataingia." Ya pili: kazi isiyoisha inanuka. Alipostaafu, alirudi karakanani kesho yake kuweka kitasa cha mlango alichokuwa amekisahau kwenye zahanati, kitasa chenyewe kikiwa kama punje ya mchele. Akakiweka, akaondoka bila kuaga mtu.

Kuna kazi ngumu ambazo bado naziota. Bwawa la mchanga tulilopeleka kwenye maonyesho ya kilimo lilikuwa zuri mno. Mashamba yake niliyapanda nyasi halisi, na kabla mgeni rasmi hajafika, mbuzi wa mtu aliruka kamba akala mavuno yote. Mgeni rasmi alipoelezwa, akasema mfano huo umeonyesha hali halisi ya mkulima kuliko yote aliyoiona siku hiyo, akatupatia cheti. Mbuzi hakupewa kitu. Halafu kulikuwa na ile hospitali ambayo mzee mmoja aliikataa mkutanoni kwa sababu vyoo vilikuwa upande wa upepo wa boma lake. Nilitoa koleo, nikaving'oa vyoo, nikavihamishia upande wa pili mbele ya macho yake. Alinishukuru kwa mikono miwili. Hospitali yenyewe haikujengwa kamwe, kwa hiyo mzee yule alishinda mara mbili.

Nikahamishiwa Wote, na huko ndiko mliponikuta. Muthama, sitasahau siku uliyojigandisha kidole gumba kwa gundi kwenye kituo cha afya na tukalazimika kukupeleka kituo cha afya cha kweli ukiwa na kile kingine mkononi. Ndunge, wewe mkono wako ulitulia tangu siku ya kwanza, nikajua nimepata wa kumwachia mkasi wa bati wa Kasyoka. Nilikuwa nimeanza kuhesabu kwamba nitaondoka na karakana itabaki na watu. Hesabu yangu haikuwa imemjumuisha Bwana Musyoki.

Bwana Musyoki alikuwa afisa mpya, kijana mpole, mwenye adabu hata ukitaka kumkasirikia huna pa kuanzia. Alikuja karakanani, akasimama katikati ya masoko na madaraja, akashika mikono yake nyuma asije akavunja kitu.

"Mwaitu," akasema, maana kwetu hata afisa humwita mama wa umri wangu mama, "siku hizi hii vitu yote tunaonyesha kwa projekta. Wewe unastaafu mwaka huu. Nimefikiria, ile kazi ya mwisho mko nayo ikiisha, tufunge tu. Hii nyumba iwe stoo ya viti zimevunjika."

"Na hawa watoto wangu?"

"Muthama anaweza enda gate. Ndunge tutamtafutia faili za kupanga."

Ndunge, ulikuwa umeshika brashi. Niliona ulivyoiosha polepole kuliko inavyooshwa brashi yoyote. Mimi niliumia, nasema wazi. Siyo kwa ajili ya nyumba ile ambayo paa lake lilivuja. Niliumia kwa sababu nilijua hakuna tena mtu angemwambia mtu mwingine apake msitu vumbi.

Kazi ya mwisho yenyewe ndiyo ile stesheni.

Mnakumbuka jinsi ilivyokuja. Kamati ya wakazi wa Sultan Hamud ilikuwa imekodi duka la zamani ili liwe ukumbi wa kumbukumbu za mji, na mji ule kumbukumbu yake ni reli. Mwenyekiti alikuwa Mzee Mutinda, aliyewahi kuwa karani wa tikiti, ambaye bado alitembea na firimbi shingoni na kuipuliza kila mkutano ulipomshinda. Nilidhani wanataka stesheni ndogo ya mabati kama wanavyoikumbuka. Hapana. Mzee Mutinda alikunjua karatasi ya kalenda iliyochakaa, yenye picha ya stesheni ya ng'ambo, paa lake kubwa la vioo limejipinda kama mgongo wa ng'ombe, na chini yake watu wadogo kama siafu.

"Tunataka hii," akasema.

"Mzee, lakini Sultan Hamud haijawahi kuwa na paa kama hili."

"Najua. Nilikaa pale nikichomwa na jua miaka yangu yote. Sasa kama ni mfano, mama, kwa nini tuwe maskini hata kwenye mfano?"

Nikamuuliza kama tuweke na treni. Kamati ikateta kwa sauti za chini, kisha akanijibu kwamba treni haisimami pale siku hizi, na wao hawataki kudanganya watoto. Paa ambalo halikuwahi kuwako, sawa. Treni ambayo haiji, huo ni uongo.

Tukaanza na paa, kama ilivyo sheria. Lilikuwa na ukubwa wa kitanda cha wawili. Mbavu zake zilikuwa za waya wa seng'enge ulionyooshwa, mgongo wa bati, na vioo tulivitengeneza kwa picha za eksirei zilizotupwa na hospitali. Ndunge alizilowesha kwenye dawa ya kufulia mpaka zikawa angavu. Zote zikang'aa isipokuwa moja iliyokataa kabisa, na mbavu za mtu asiyejulikana zikabaki juu ya jukwaa la pili. Nilitaka kuibandua. Mzee Mutinda akanizuia, akasema stesheni zote kubwa zina mapambo.

Abiria nao wana hadithi yao. Tulimpa kazi mchonga vinyago mmoja, hodari, ila maisha yake yote alikuwa amechonga twiga wa kuwauzia watalii. Alijitahidi. Alileta gunia la abiria wazuri, wenye kofia, mizigo na watoto mgongoni, na kila mmoja alikuwa na shingo ndefu. Tulipowapanga jukwaani walionekana wote wanachungulia kama treni inakuja. Kamati ilisema hivyo ndivyo ilivyokuwa hasa.

Nilifanya kazi ile kwa haraka, na hapo ndipo ujinga wangu ulipokuwa. Kila nguzo niliyosimamisha ilikuwa inawasogeza ninyi wawili karibu na lango na mafaili, na bado mkono wangu ulikataa kupunguza mwendo. Muthama uliwahi kuniuliza, "Fundi, si tungeenda pole pole?" Nikakukemea. Sheria ya Kasyoka ilikuwa imenikaa mwilini, kazi isiyoisha inanuka. Nilikuwa nachimba kaburi la karakana na ninasafisha kingo zake ziwe nadhifu.

Stesheni ikaisha, ikabaki idhini ya wananchi. Huku kwetu hata kisima hakichimbwi kabla wananchi hawajaketi na kusema. Tukaipakia kwenye lori, maana pikapu iliikataa, tukaifikisha Sultan Hamud, na mkutano ukakaa uani nyuma ya ule ukumbi. Uani kwa sababu haikuingia mlangoni. Mlango niliupima mimi mwenyewe na ulitosha. Lakini kamati, kwa kuipenda stesheni, ilikuwa imeongeza mlango wa chuma wa kuzuia wezi, na fremu yake ikaula upana. Wezi hawakuweza kuingia, wala stesheni.

Bwana Musyoki alikuwapo, amekaa mbele, ametulia kama mtu anayesubiri harusi ya watu wengine iishe. Mzee Mutinda alieleza kila kitu kwa fimbo. Watu walishangilia paa. Mwanamume mmoja alidai mbavu zile ni za marehemu mjomba wake, akaomba zitajwe kwa heshima, ikakubaliwa. Nikaona mkutano unaelekea kufungwa. Ndipo akasimama Mama Kalekye, kiongozi wa mwethya ya akina mama, lile kundi linalochimba matuta na mabwawa ya kila mtu kwa zamu. Alizunguka stesheni yote. Aliinama, akachungulia pembeni mwa paa.

"Wakya, mwaitu," akanisalimia.

"Aa," nikaitikia.

"Hii kazi ni safi. Sasa paa kubwa hivi, maji inaenda wapi?"

Akina mama wengine walisimama nao kuangalia. Na mimi, mtoto wa Ukambani, niliyekulia kwenye nyumba ambako mvua ikinyesha tulikimbia na sufuria kabla ya kukimbia na watoto, nikaona nilichofanya. Nilikuwa nimejenga paa kubwa kuliko yote ya maisha yangu na sikuliwekea gata hata moja ya kukinga maji.

"Mama, hii ni mfano tu," Bwana Musyoki akasema.

"Naona ni mfano. Mfano ya kumwaga maji. Watoto wetu wakuje hapa wafundishwe kumwaga maji?"

Mzee Mutinda akapuliza firimbi. Akaeleza kwamba stesheni za aina ile hupeleka maji chini kwa mabomba yasiyoonekana. Mama Kalekye akamuuliza maji yasiyoonekana yanachotwa na nani. Hoja ikapigiwa kura. Stesheni ilikataliwa mpaka iwe na gata pande zote na tanki.

Bwana Musyoki aliandika kwenye simu yake. "Basi mwaitu, maliza hiyo, halafu tufunge," akaniambia. Tukarudi Wote. Tulikunja gata kutoka kwenye makopo ya samli, na tanki tukalifanya kwa kopo kubwa la nyanya, Muthama akalichora mistari ya matofali kwa subira ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu kile kidole. Mara ya pili tulipokwenda, mwethya yote ilikuja, na wamebeba mitungi. Mama Kalekye hakutaka maelezo. Alipanda juu ya kiti akalimwagia paa maji.

Ningependa mngeuona moyo wangu ulivyokuwa. Maji yalishuka kwenye vioo, yakapita juu ya mbavu za mjomba wa mtu, yakaingia kwenye gata bila kudondoka nje hata tone, yakazunguka kona mbili nilizolehemu mwenyewe, yakaanza kuimba ndani ya kopo. Akina mama wakaanza kuimba nayo. Mama Kalekye akamwaga mtungi wa pili, na wa tatu. Tanki likajaa. Nilikuwa sijaliwekea bomba la kutolea maji yakizidi, maana ni nani huku kwetu Makueni amewahi kufikiria tanki litazidi? Maji yakafurika jukwaani. Abiria wenye shingo ndefu wakaanza kuelea, mmoja mmoja, pamoja na mizigo yao, wakapita chini ya saa ya stesheni, wakatoka nje kwa mstari. Mzee Mutinda alisimama wima, akapuliza firimbi ndefu, akainua mkono. Walikuwa abiria wa kwanza kuondoka pale tangu aache kazi, na naamini machozi yake yalikuwa ya kweli.

Nilijua tumekwisha. Nikamtazama Ndunge, naye alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Lakini akina mama walikuwa wanapiga vigelegele. Tanki limefurika! Hakuna aliyekuwa na habari ya abiria. Kwao hiyo ilikuwa ishara ya mwaka mwema, na Mama Kalekye alishuka kwenye kiti akiwa amelowa, akasema mkutano umeikubali stesheni, ila tanki ni dogo, liongezwe la pili.

"Na hilo la pili likiisha?" Bwana Musyoki akauliza, sauti yake imechoka kidogo.

"Likiisha tutakuja tuangalie."

Tanki la pili tukalijenga. Mvua za Novemba zikaja kabla hawajaja kuangalia, na stesheni ilikuwa bado uani kwa sababu ya ule mlango wa chuma. Mlinzi wa ukumbi akanipigia simu asubuhi. Alisema matanki yote mawili yamejaa, ametoa maji kwa kopo akajaza ndoo, na anauliza kama yana ruhusa ya kunywewa. Nikakaa chini kwenye benchi ya karakana. Hospitali zangu hazikumtibu mtu. Masoko yangu hayakuuza hata kitunguu. Katika vyote nilivyojenga, kile ndicho cha kwanza kilichofanya kazi yake, na nililia, Muthama, si vumbi la msasa kama nilivyokuambia.

Sherehe ya kuniaga mliifanyia pale uani. Chai ilichemshwa kwa maji ya stesheni, na ilikuwa na ladha kidogo ya nyanya. Bwana Musyoki alitoa hotuba fupi na nzuri, akamaliza kwa kusema kwamba sasa, kwa kuwa kazi imekamilika, kilichobaki ni kufunga. Mimi nilikuwa nimetayarisha neno langu la shukrani. Mama Kalekye akaweka kikombe chini kabla sijaanza.

"Imekamilika aje?" akasema. "Tanki haina kifuniko. Mtoto ataanguka."

Watu wakageuka kuwatazama abiria, ambao tulikuwa tumewarudisha jukwaani. Kweli, mmoja wa watoto alikuwa karibu sana na tanki.

"Na hakuna ngazi ya kupanda kuosha paa," akaongeza mama mwingine.

"Na ng'ombe watakunywa wapi?" akauliza wa tatu.

Bwana Musyoki alitoa simu yake, akaandika kifuniko, ngazi na birika la ng'ombe. Nikamtazama Mama Kalekye. Alikuwa anakunywa chai yake, wala hakucheka. Aliniambia tu, kwa sauti ya chini, "Mwethya yetu ni ya zamani kuliko hii serikali, mwaitu. Haijakufa sababu hatujawahi kukubali kazi imeisha." Ndipo nikaelewa kwamba tangu lile swali la kwanza, mwenye mkutano alikuwa yeye.

Kwa hiyo ushauri wangu kwenu ni huu, na Fundi Kasyoka anisamehe huko aliko. Kila kitu kingine kimalizeni vizuri, hadi kitasa. Mkasi wa bati upakeni mafuta, mkonge ukausheni kivulini, misitu ipakeni vumbi. Lakini stesheni ile msiimalize, iacheni inuke kidogo. Ndunge, ile nguzo ya mwisho ya jukwaa la pili, iliyo chini ya mbavu, siku ya kuondoka niligundua haijapakwa rangi, nikaiacha hivyo makusudi. Usiipake rangi.